Watoto Wote, au Hatumo: Mama Masika Anastaafu

Tarehe 10 Desemba 2025, baada ya miaka ishirini na mitatu ya kufundisha, Mama Masika anaikabidhi ofisi ya mwalimu mkuu msaidizi wa Shule ya Msingi Mapambazuko, hapa Berea, Johannesburg. Anakabidhi ofisi tu. Ukaidi wake anaondoka nao, na sisi tuliofanya naye kazi tunashukuru na kusikitika kwa pamoja.

Alitoka Butembo, mashariki mwa Kongo, akiwa mwalimu mwenye cheti, akafika Johannesburg akawa msusi. Wateja wake ndio waliomrudisha darasani. Walikuja kusukwa wakiwa na watoto wao saa za masomo, kwa sababu shule za serikali ziliwakataa wasio na vyeti vya kuzaliwa. Akaanza kuwafundisha katika chumba alichopanga, kisha katika ukumbi wa kanisa, na mwishowe katika ghorofa hii, ambayo lifti yake ilikufa kabla mimi sijaajiriwa.

Darasani alikuwa mkali kama pilipili ya kwao. Alipiga marufuku neno "eish", mshangao wa mitaa ya hapa. Aliyelisema alifuta ubao wiki nzima. Mwaka mmoja matokeo ya Darasa la Saba yalikuwa mazuri mno, akalitamka mwenyewe mbele ya mkaguzi. Watoto walimletea dasta tu, naye akafuta ubao wiki nzima.

Kilichotushangaza zaidi ni desturi yake ya Januari. Kila shule zilipofunguliwa, aliwachukua watoto wetu na wazazi wao, akawapanga kwenye foleni ya shule ya serikali kudai nafasi ambazo sheria inawapa. Alikwenda na mwavuli mwekundu, mkubwa kama wa muuza mahindi, ili wasimpoteze kwenye msongamano. Waliopokelewa hawakurudi kwetu, wala ada zao. Nilikuwa nikimtania kwamba ni mwenye duka anayewasindikiza wateja kwa jirani. Alinijibu kwamba Mapambazuko ilizaliwa kwa sababu ya mlango uliofungwa, na mlango ukifunguka tushangilie.

Basi mjadala wa vocha ulipofika kwetu mwaka huu, ulimkuta amejiandaa. Wanaozipigia debe wanataka serikali impe mzazi hati ya kulipia ada katika shule binafsi anayoichagua. Muungano wa shule ndogo ulituomba tujiunge na kampeni. Baba Firmin, fundi cherehani na mwenyekiti wa wazazi, aliunga mkono, nami nikamfuata. Tajiri amechagua shule siku zote, tulisema. Maskini naye achague. Mama Masika alipinga hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Vocha, alisema, itafuata namba ya kitambulisho. Mwenye namba atagombewa na kila shule, na asiye nayo, ambaye shule hii ilianzishwa kwa ajili yake, atakosa kiti hata humu.

Mwezi Agosti wazazi waliitwa kuamua. Akataka kuwaonyesha kwa macho jinsi watakavyogawanywa. "Wenye wako na makaratasi wasimame upande huu," aliwaambia, "wenye hawana upande ule."

Lilikuwa kosa, tena kutoka kwa mtu aliyepaswa kujua. Katika mji huu ukiambiwa ujitenge kwa makaratasi, huulizi sababu, unatafuta mlango kwa kuhofia msako. Mama mmoja alishanyakua mkoba wake. Wengine walibaki wameketi, hata wale ninaojua wana vitambulisho vya uraia, na hakuna aliyemtazama jirani yake. Mama Masika akaona alichokifanya. Akaomba radhi, na nilimwonea huruma sana.

Ndipo Baba Firmin alipoinuka polepole. "Kama sisi wenyewe tunakatala kujitenga humu ndani," alisema, "juu ya nini tukubali vocha ije kututenga?"

Azimio lilipita: vocha iwe ya watoto wote, au hatumo. Muungano ukatuacha nje. Mjadala bado unaendelea huko juu, nami bado naamini vocha ya haki inawezekana. Mama Masika bado anaamini nimedanganywa. Tulilibishania hilo hata juzi, kwenye sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, na hakuna aliyeshinda isipokuwa sombe.

Tulipanga kumzawadia saa ya ukutani. Akasema mstaafu hana haja ya saa, na badala yake akatoa zawadi yeye. Alinikabidhi mwavuli mwekundu mbele ya walimu wote, akisema kwamba mtetezi wa vocha ndiye hasa anayepaswa kuiona foleni. Niliupokea kwa mikono miwili.

Mama Masika, asante kwa kila mtoto uliyemfungulia mlango, na kwa kila mlango uliougonga. Kapumzike kwa binti yako kule Turffontein, ulale mpaka jua likuamshe, na Mungu akuzidishie afya. Januari usije kutuchungulia. Mwavuli utakuwepo kwenye foleni, na nitakayeushika ni mimi.

Bakiri, mwalimu wa Hesabu