Mwalimu Nzomo Kiema, Mtunza Komiki wa Nunguni

Mchungaji, wazee wa kanisa, mama zetu wa ushirika, majirani, na nyote mliopanda mlima huu leo tarehe 17 Agosti 1996 kutusaidia kumzika baba yetu, mimi ni Muthoki, mtoto wake wa pili, na familia imenituma niwasomee maisha yake, kamati ya mazishi iliniomba yatoshe ukurasa mmoja, mimi nimekuja na mitatu, kwa hiyo mtanisamehe.

Marehemu Mwalimu Jonah Nzomo Kiema alizaliwa tarehe 11 Machi 1938 huko Zombe, Kitui, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Kiema na marehemu mama Ndila, akaanza shule mwaka wa 1947 akiwa tayari na miaka tisa, kwa sababu mbuzi wa nyumbani walimhitaji kuliko walimu, akamaliza darasa la nane mwaka wa 1954, akasomea ualimu miaka miwili, na Januari 1957 akaanza kufundisha shule ya msingi kule kwao. Mwaka wa 1962 alihamishiwa hapa Nunguni, akalalamika baridi wiki ya kwanza, na baada ya hapo hakuondoka tena.

Tarehe 5 Desemba 1964 alifunga ndoa na mama yetu, Mbula, katika kanisa hili hili la chini ya soko, na Mungu akawajalia watoto wanne, Kiema, mimi, Muthama na Ndila, ambaye alipewa jina la nyanya yetu, na wote tuko hapa.

Wananchi walijenga maktaba ya chumba kimoja kando ya soko kwa harambee, ikafunguliwa tarehe 9 Agosti 1969, na baba akakabidhiwa ufunguo, kwanza kwa Jumamosi peke yake, halafu kuanzia 1972 akaacha kufundisha akawa huko kila siku. Vitabu vilikuwa vichache na vingi vilikuwa vya dini, lakini baba aliagiza komiki kutoka Nairobi, vile vitabu vyembamba vya picha vya mashujaa wenye nguvu za ajabu, na hizo ndizo zilizoleta watu, wakulima, makarani, akina mama waliokuja sokoni kuuza parachichi, na hata wazee wawili wa kanisa ambao sitawataja kwa kuwa wananiangalia sasa hivi.

Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Kapteni Tetemeko, mtu ambaye akipiga mguu chini nchi inatikisika, na aliyempenda kuliko wote alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa, kijana wa miaka ishirini na miwili, anayeitwa Musembi Ndululu. Toleo la thelathini na moja lilifika Oktoba 1973, Kapteni akiwa ananing'inia chini ya daraja, mto umefurika, mkono mmoja umeshateleza, halafu mwezi uliofuata ikaja barua fupi kutoka Nairobi kusema hakutakuwa na toleo lingine. Baba hakuweza kumwambia Musembi. Alimwambia liko njiani, na Musembi akateremka kutoka kiwandani Jumamosi nane mfululizo, mvua ikinyesha, kuulizia toleo ambalo baba alijua halipo, mpaka karani mwingine aliyetoka Nairobi akamfungua macho. Musembi alikuja akasimama mlangoni akasema, "Mwalimu, hata wewe?", akaenda zake, na baba alitusimulia jambo hilo mara nyingi, akilihesabu kuwa kosa kubwa la maisha yake.

Tangu siku hiyo alijiwekea sheria, kwamba komiki ikisimamishwa msomaji ataambiwa ukweli siku hiyo hiyo, na hatatoka mlangoni mikono mitupu. Hakukuuliza ulimpenda shujaa gani, hilo alilijua, alikuuliza ni kitu gani utakachokosa. Mtu akisema atakosa vile Kapteni anavyomwogopa mama yake, baba alimpa Dada Tufani, anayepigana na majambazi mchana na jioni akaenda kugombezwa na nyanya yake, na mtu akisema anapenda mapigano tu, hakumsumbua na nyanya, alimpa Mlinzi wa Mto. Kila jibu aliliandika kwenye daftari lenye jalada jekundu, jina la msomaji, alichokipoteza, alichopewa badala yake, na kama kilimfaa. Mtu wa kwanza ambaye baba alimfuata nyumbani kwake, komiki mkononi, alikuwa Musembi, Januari 1974, akapewa Dada Tufani, akacheka, wakapatana, na kwa miaka kumi na mitano iliyofuata Musembi alikula kwetu kuliko baadhi ya wajomba zangu, akawa na duka, akawa na pikapu, na mwaka wa 1989 baba mwenyewe ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kumwombea kura ya mwenyekiti wa kamati ya maktaba, akashinda.

Hapa ndipo kamati ya mazishi iliponishauri niruke, na siruki.

Tarehe 2 Machi 1990 nyanya alifariki, baba akaenda Zombe siku kumi kumzika mama yake. Siku hizo kumi mwenyekiti alifungua maktaba kwa ufunguo wake, kwa sababu ulikuwa umepatikana msaada wa vitabu vinene kutoka ng'ambo, vingi vikieleza jinsi ya kutunza kondoo wakati wa theluji, na palihitajika nafasi, basi akatoa komiki zote, masanduku matatu, pamoja na daftari jekundu, akaziuza sokoni zikawa karatasi za kufungia vitu. Baba alirudi na huzuni ya mama yake, akapita kwa Kaluki, mama muuza njugu, akanunua za kutafuna njiani, na akiwa anafungua karatasi akauona mguu wa Kapteni Tetemeko.

Alimwuliza Musembi mbele ya kamati yote, na Musembi akamjibu, "Mwalimu, hayo yalikuwa makaratasi tu, na sisi ni watu wakubwa sasa," watu wakacheka, na mwisho wa Aprili baba akatakiwa kurudisha ufunguo. Nilikuwa nimekaa nyuma siku hiyo, ninawajua waliocheka, na wengine wao leo wamebeba maua. Mtu ambaye hakuwahi kumwacha msomaji hata mmoja akienda mikono mitupu, alitoka pale mikono mitupu, na hakuna aliyemwuliza yeye atakosa nini.

Kwa miezi mingi baba alinunua njugu kila siku ya soko, ilhali sukari ilikuwa tayari imeanza kumsumbua, akawapa watoto wa jirani njugu akabaki na karatasi, mpaka Kaluki akaelewa, akaanza kufungia wateja wengine kwa magazeti, na kurasa za komiki akamwekea chini ya meza bila kuulizwa. Nyingi zilirudi, daftari halikurudi, na hilo ndilo lililomuuma, kwa maana kurasa zilichorwa na wengine lakini daftari lilikuwa watu wake.

Mwaka wa 1994 ugonjwa wa sukari ulimshika sana, na Mei 1996 akakatwa mguu wa kushoto katika hospitali moja ya Machakos. Sasa nataka mjue kwamba mwaka jana, akitoka kliniki, alisimama Emali akakutana na mchora mabango mmoja ambaye ujanani ndiye aliyemchora Kapteni Tetemeko, na huyo fundi akamweleza kwa mdomo jinsi Kapteni alivyokuwa atoke pale darajani. Nilimwomba baba anieleze. Alikataa, akasema hiyo ni ya Musembi, yeye ndiye aliyedanganywa, naye ndiye atakayeambiwa kwanza. Nilikasirika, na bado nimekasirika, kwa sababu kwa hesabu yangu Musembi alikuwa ameshalipiza zaidi ya Jumamosi nane.

Hata hivyo baba, akiwa amelazwa hospitalini, alinituma nimwite Musembi, nikaenda. Tarehe 22 Julai nilimkuta dukani, akasema, "Mwambie Mwalimu nakuja, hii wiki niko na mikutano." Tarehe 29 nikarudi, akasema, "Jumamosi, Muthoki, bila kukosa." Jumamosi tarehe 3 Agosti baba aliomba anyolewe ndevu, akaomba ainuliwe kwa mito miwili, akaangalia mlango wa wodi tangu saa tatu asubuhi mpaka wageni wakaambiwa watoke. Jumapili aliniuliza kama amefika, Jumatatu akaniuliza, Jumatano akaniuliza kwa macho, na Alhamisi tarehe 8 Agosti, saa nne asubuhi, akatuacha, akaondoka na hadithi hiyo. Yule fundi wa Emali alishafunga kibanda akahama, na tumeuliza, hakuna anayejua aliko.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mchungaji na ushirika kwa maombi, majirani walioteka maji na kupasua kuni wiki nzima hii, na mama Kaluki, ambaye tumemwomba aketi pamoja nasi watoto. Kuhusu wenzake wa kamati ya maktaba nilikuwa nimeandikiwa sentensi ya kuwashukuru, nimeisoma nyumbani, imenishinda kuitamka.

Na wewe, Baba, Musembi amefika, amekuja na pikapu, amepewa kiti cha mbele. Usimngoje tena, pumzika kwa amani.