Kutu Iliyovalishwa Koti

Ndani ya basi la Nairobi, Hemedi, muuza leso wa Kibwezi, alijifunika uso kwa gazeti la jana, lakini masikio aliyaacha kwenye kiti cha mbele. Hapo Mama Kaluki, aliyekuwa akienda Nairobi kupigwa picha ya ini kwa ile mashine ya sumaku, alikuwa amemuuliza jirani yake Muli, mwanafunzi wa kemia, dawa anayodungwa mtu kabla ya picha ni nini. Muli, ambaye hakujua kuzungusha maneno, akamwambia ni kutu.

"Kutu kama ya mabati?"

"Kama hiyo, mwaitu," Muli akamwita mama kwa Kikamba, "lakini punje zake ni ndogo hata jicho halizioni. Ini likizimeza linatoka jeusi kwa picha, pale penye ugonjwa panabaki peupe. Na haziendi tupu. Zinavalishwa koti ndio zisigandane kwa damu."

"Koti la nini?"

"La sukari."

Mama Kaluki akageuka kumtazama vizuri, na Hemedi akashusha gazeti.

"Kutu nimekunywa miaka yote kwa tangi letu la mabati," Mama Kaluki akasema. "Lakini mimi niko na sukari. Daktari alinikataza hata ndizi."

"Hii si ile ya chai. Imeungana ndefu kama mnyororo, na ni kidogo sana."

"Hata ile ya chai ilikuwa kidogo."

Hemedi aliona kijana amesema kweli na ameshindwa.

Basi likasimama Sultan Hamud, na muuza chai akaja dirishani na birika.

"Yangu usitie sukari," Mama Kaluki akamwambia. "Sukari yangu inaningoja Nairobi, kwa sindano."