Baba Anacheka Nikishika Kalamu

Fundi viatu hakukusudia kusikiliza, ila viti vya treni vilimweka mgongo kwa mgongo na msichana wa chuo na muuguzi mmoja, na masikio hayana pazia.

"Nasomea uhandisi," msichana alikuwa akisema. "Saikolojia ni somo la nyongeza tu. Mwalimu ametuagiza tumchunguze mtu wa nyumbani wiki mbili, tuandike anavyokula na anavyolala. Nikamchagua baba."

"Ukaona nini?" muuguzi akauliza.

"Alfajiri anapiga pasi shati la kazini mara tatu, na alishastaafu, dada. Sahani inarudi kama ilivyopakuliwa."

"Mpeleke hospitali, mdogo wangu."

"Atakubali? Juzi nililisahau daftari mezani, akalisoma. Tangu hapo nikishika kalamu tu, anaomba aongezwe chakula, na anacheka."

Fundi akawaza kuwa bora msichana angebaki na uhandisi wake. Daraja halijifanyi zima kwa kuwa linapimwa.

"Kesho ndiyo siku ya kukabidhi," msichana akaendelea. "Niandike kwamba amepona?"

"Andika ulichokiona."

"Kipi sasa, cha kabla au cha baadaye?"

Treni ikaanza kupunguza mwendo. Simu ya fundi ikalia. Ni binti yake.

"Baba, umekula leo?"

"Nimeshiba hadi basi, mwanangu," akajibu fundi, ambaye tangu jana alikuwa na chai tu tumboni, kisha akacheka.

Treni iliposimama akageuka. Msichana alikuwa wima nyuma yake, akimkazia macho.