Jua Mgongoni na Video ya Viatu

Hamjambo, wasikilizaji wapendwa. Wenye vyombo jikoni, hebu viacheni kidogo, maana leo tunamkumbuka fundi baiskeli wetu aliyetutoka wiki hii. Jina lake wengi hamkulijua, na wala yeye hakujali. Mtaa mzima ulimwita Jua Mgongoni.

Kwa nini Jua Mgongoni? Kwa sababu ya kamera. Alikuwa na kakamera ka bei rahisi, kanaenea kwenye mfuko wa shati. Kwa hako hako alipiga video za mtaa wote: mechi za vijana, watoto wakijifunza baiskeli, mvua ikipiga mabati. Na zilitoka safi, jamani! Ukimuuliza siri yake, anacheka. "Jua liwe mgongoni kwangu. Viwiko vibane mbavu. Ukitaka uso wa mtu, msogelee kwa miguu, usimvute kwa kitufe." Penye upepo aliivisha kamera soksi ya mtoto, sauti isivume. Soksi, eti!

Na akirekodi, alibana pumzi. Hasemi, hakohoi, hacheki. Aliamini kifua kikipanda, picha nayo inapanda. Kwa hiyo katika video zake zote, sauti yake haimo. Narudia: sauti yake haimo.

"Ukimwita akiwa anarekodi, utadhani umeolewa na mlingoti," mjane wake aliniambia, akacheka, kisha akafuta machozi.

Sasa tuje kwenye harusi. Binti yake wa pekee, fundi cherehani, aliolewa uwanjani, mchana wa jua kali. Mpiga picha wa kukodi? Baba alikataa katakata. "Harusi ya mwanangu naipiga mwenyewe." Akaligeuzia jua mgongo, kama kawaida yake. Lakini jua lile lile likaangukia kioo cha kamera, kikawa cheupe pee. Taa nyekundu ya kurekodi hakuiona. Akabonyeza mara moja zaidi bila kujua. Kuanzia hapo, kila alipodhani anarekodi, kamera ilikuwa imesimama. Kila alipodhani ameisimamisha, ilikuwa inarekodi.

Kesho yake wakakaa sebuleni kutazama. Masikini! Bibi harusi hayupo. Keki haipo. Kuna viatu. Viatu vya baba, nyasi, halafu viatu tena. Binti akainuka, akatoka. Baba alitaka kuifuta video yote, lakini mama akachomoa kadi ya kamera akaificha kabatini.

"Kilichoniuma si video," binti aliniambia. "Siku ile kila mtu alilia. Baba hakunishika hata mkono. Alisimama na kamera yake, kimya. Nikajiambia, harusi yangu haimgusi mzee huyu. Baadaye tulipatana, tukataniana kama zamani. Ila sikuwahi kumuuliza. Sasa nitamuuliza nani?"

Baada ya mazishi, wasikilizaji wapendwa, binti alitaka kitu kimoja tu: sauti ya baba yake. Walizipitia video zote. Haimo. Ndipo mama akaikumbuka ile kadi. Hata yeye hakuwahi kuitazama mpaka mwisho. "Viatu vya mume wangu naviona kila siku mlangoni," alisema, "niviangalie tena kwenye video ya nini?"

Safari hii waliitazama mpaka mwisho, mama na mwana. Walinipa ruhusa niwaletee kipande kidogo.

Kabla ya hapo, kwako mama, kwako dada yetu mshonaji, na kwenu mafundi wote wa pale kibandani kwake cha baiskeli: poleni sana. Tumempoteza mtu wetu, na inauma. Nanyi mnaonisikiliza, leo fikirini ni nani nyumbani kwenu aliye nyuma ya kamera siku zote. Mpokeeni kamera, mwulizeni neno, mwacheni aongee.

Haya. Hapa fundi ameondoka kwenye watu, amejificha nyuma ya viti, yuko peke yake. Anaamini kamera imezimwa. Picha hamtaiona, lakini hampotezi kitu, ni viatu tu. Sikilizeni.

"Haya, imezimika. Sasa naweza kulia… Mwanangu amependeza, jamani. Mwanangu amependeza… Basi, mzee, basi. Futa macho. Rudi, wanakata keki."