Bawaba ya Goti

Basi lilikuwa la kwenda hospitali. Mbele yangu fundi wa mageti, goti limemvimba kama boga, alikuwa akimwonyesha bibi wa pembeni yake bawaba inayong'aa. "Nimeifua mwenyewe. Leo daktari aniwekee hii, si vyuma vyake nisivyovijua."

Bibi huyo mwenyewe alikuwa na goti la bandia, wala hakucheka. "Mwanangu, kati ya vyuma vyao huwekwa plastiki. Chuma kikisagana na chuma, unga wake unakula mfupa."

"Nitatia grisi."

"Utaitilia wapi?"

Fundi alifikiri. Nami, Mungu anisamehe, nikafikiri.

"Saa ya mkono haikuwashi?" bibi aliuliza.

"Inanitoa vipele, bibi. Niliacha kuvaa."

"Hilo ndilo la kumwambia daktari! Wapo ambao miili yao inakataa aina fulani ya chuma, wakawekewa kingine."

Basi likasimama. Fundi akainuka kwa taabu, bawaba mkononi. "Nitamwambia. Lakini geti nililotengeneza likilegea, mteja anakuja kunigongea nyumbani. Sasa muulizeni daktari yeye anakaa wapi."