Macho ya Nahodha

Tramu iliondoka kwenye uwanja wa mazoezi saa tano asubuhi, mwezi wa Julai, ikiwa na mashabiki waliokuwa wakichungulia uzioni tangu saa mbili. Mbele yangu aliketi mzee mwenye daftari, na kando yake mama mwenye rangi ya bluu kwenye kucha.

“Nahodha Krum anauzwa,” mzee alimwambia, ingawa hawakuwa wakijuana. “Wenzake wote wamevaa vizibao vya njano vya mazoezi, yeye hana. Kakimbia peke yake mizunguko kumi na minne.”

“Si wamesema ameumia msuli, mzee wangu?”

“Aliyeumia msuli anaruka uzio kufuata mpira? Daktari hakumgusa hata mara moja. Nimeandika.”

“Ungekuwa polisi, sote tungekuwa ndani.” Mama hakucheka. “Nimemchora kwenye bango la mita ishirini. Tunalifunua siku ya mechi ya kwanza. Yamebaki macho tu.”

“Basi mchore kipa. Yule hakuna anayemtaka.”

Hoja zote za mzee zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyothibitisha kitu.

“Ameaga mtu?” mama aliuliza.

“Amempa mtunza nyasi viatu vyake.”

“Vipya au vichakavu? Vichakavu hata anayebaki hugawa.”

Mzee alipekua daftari muda mrefu.

Tramu ikasimama mbele ya duka la rangi. Mama alishuka ngazi moja, akageuka. “Daftari zima, mzee, na viatu hukuviangalia!”

Dereva akamwomba achague: ndani au nje.