Bwana Sindano, Aliyepanga Santuri kwa Wasiwasi wa Watu

Leo ni Ijumaa, tarehe 28 Novemba. Mtunza santuri wa redio yetu, tunayemwita Bwana Sindano, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika chumba kimoja chenye dirisha moja. Mimi mhariri wa habari, niliyeondoka kwetu miaka thelathini na tisa iliyopita, nimeipitisha miaka yake yote ng'ambo ya korido yake, nikisikia kila alichokipiga.

Alianza kazi kwa kuosha santuri kwa sabuni ya vyombo na kuzianika jikoni. Wiki ya kwanza mpishi aliwapangia wageni biskuti juu ya santuri ya kwaya. Wageni walisifu sahani.

Kisha akazipanga upya. Hakufuata majina ya waimbaji wala alfabeti. Alifuata kilichokuwa kikiwasumbua watu mwaka wimbo ulipotoka, kwa kuwa aliamini wimbo hauwezi kuficha mawazo ya zama zake hata ukijitahidi. Ndiyo maana tuna rafu ya "Barua Haijafika", ikifuatiwa na "Simu Inaita Tu", halafu "Ameisoma, Hajajibu". Kuna rafu ndefu ya "Ahadi", na iliyo ndefu zaidi pembeni yake ya "Bado Tunangoja". "Mama Mkwe Amehamia" haina mwaka. Hiyo, anasema, ni ya zama zote.

Mpangilio huo nusura umfukuzishe kazi. Siku ya maombolezo makubwa, mkurugenzi wa wakati ule aliagiza wimbo wa huzuni, haraka. Bwana Sindano akachomoa mmoja kutoka rafu ya "Huzuni", na hewani zikalipuka ngoma na tarumbeta. Mkurugenzi alishuka ngazi na kiatu kimoja. Kabla hajafika, mjane mmoja alikwisha piga simu: "Uacheni, baba. Huo ndio tuliolilia mwaka wa ukame. Tulikuwa tunalia huku tunacheza." Mkurugenzi alipoambiwa hayo akaketi kwenye ngazi, akausikiliza hadi mwisho, ndipo akarudi kutafuta kiatu.

Mwezi Machi mwaka huu mkurugenzi wetu wa sasa, ambaye ni mwanamke, aliamuru santuri zote zipangwe kwa alfabeti. Bwana Sindano hakubishana. Aliomba tu kwamba badala ya saa ya ukutani tuliyokwisha kumnunulia mapema kwa ajili ya kumuaga, rafu zake ziachwe zilivyo. Mama mkurugenzi akampa mtihani mbele yetu: atafute wimbo ambao mama yake mkurugenzi, sasa marehemu, aliuimba akipiga pasi. Jina halijui, mwimbaji hamjui.

"Sasa hapo nianzie herufi gani?" akauliza fundi wa kompyuta.

Bwana Sindano aliuliza swali lake. "Mama alikuwa na wasiwasi gani siku hizo?"

"Baba alikuwa kazini mbali. Alikuwa haandiki."

Bwana Sindano alirudi na santuri tatu kutoka rafu ya "Barua Haijafika". Ya kwanza haikuwa yenyewe. Ya pili ilipoanza, mama mkurugenzi aligeukia dirishani, na fundi akakumbuka ana kazi chumba kingine. Rafu zimebaki. Saa nayo amepewa, maana duka lilikataa kuipokea.

Iko rafu moja ya nyimbo za mwaka huu ambayo bado haina jina. Mama mkurugenzi alimsihi awe anakuja kila Jumatatu, angalau kutusaidia kuipa jina. Alikataa kwa upole: "Mwanangu, mtu akishaondoka huwa anajua wasiwasi wa siku alizokuwapo tu. Wa leo mtausikia ninyi." Nyimbo za kwetu ninazozijua mimi zilikoma mwaka nilioondoka, na sijui huko wanaimba nini sasa.

Ahsante, Bwana Sindano, kwa masikio yako na kwa zile biskuti. Tunakuombea asubuhi ndefu, magoti yasiyolalamika na jirani mwenye redio nzuri. Ufunguo wa chumba ameuacha kwa mhazili leo saa nne. Hatarudi.